Gari ya Nyumbani, Mzigo wa Shambani: Tairi Lijazwe Upepo Kiasi Gani?



Najua wengi mlitegemea niendelee na kantangaze pale nilipoishia. Nitarudi huko. Lakini tangu nyanya zianze kutoka shambani nimeulizwa swali moja mara nyingi mno, na majibu ninayoyasikia yakitolewa vijiweni yako mbali kama mbingu na ardhi. Swali lenyewe ni hili: gari ya nyumbani, ile inayopeleka watoto shule Jumatatu na kubeba nyanya Jumamosi, ijazwe upepo kiasi gani?

Aliyenifanya nikae chini niandike ni dada mmoja anayelima nyanya na hoho huku kwetu Kilolo. Ana zile gari za familia za watu 8, ambazo sisi tunaziita Noah hata kama si Noah. Siku moja jioni alipita kwa fundi pancha na mazungumzo yao, kama alivyonisimulia, yalikuwa hivi:

"Fundi, niongezee upepo."

"Ngapi, dada?"

"Kwani inatakiwa ngapi?"

"Kesho unabeba mzigo?"

"Nabeba nyanya."

"Basi nakuwekea 40 zote. Gari ya mzigo lazima tairi liwe gumu."

Alipofika nyumbani mume wake akapinga. Yeye alisema upepo ushushwe mpaka 26, gari isirukeruke, maana nyanya zikigongana kwenye kreti zinafika sokoni zimetoa maji na dalali anakata bei. Asubuhi yake nikapigiwa simu: "Bwana shamba, nimsikilize nani?"

Nilimwambia asipakie kwanza, nakuja. Sikuwa na haraka ya kumjibu kwa simu kwa sababu wiki chache kabla kuna mkulima mwenzetu alipata ajali na familia yake baada ya kuteremka Kitonga, wakiwa wanaelekea Ruaha Mbuyuni. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, gari ndogo imejazwa kreti hadi kwenye kiti cha nyuma. Tairi la nyuma kushoto likapasuka. Yeye alipona, mke wake alivunjika mkono, nyanya ziliishia mtaroni. Watu walisema ni tairi bovu, wengine wakasema ni mambo ya kishirikina. Lile tairi lilirudishwa kijijini na nililiona likiwa kwa fundi. Ukiingiza mkono ndani unatoka na unga mweusi wa mpira, na ukuta wa pembeni una mstari wa mkunjo unaozunguka tairi zima. Tairi la namna hiyo limetembea muda mrefu likiwa na upepo mdogo kuliko mzigo wake.

Ngoja nieleze kwa nini.

Mzigo wa gari unabebwa zaidi na hewa iliyobanwa ndani ya tairi. Mpira na nyuzi zake kazi yao kubwa ni kuizuia hiyo hewa isitoke. Hewa ikipungua, ukuta wa pembeni unabonyea kila tairi linapogusa chini, halafu unanyooka, halafu unabonyea tena. Chukua tairi la 175/65R14, saizi ambayo wengi wenye IST wanaijua. Mzunguko wake mmoja ni kama mita 1.8. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, linazunguka takriban mara 12 kila sekunde. Yaani ukuta unakunjwa na kukunjuliwa mara 12 kwa sekunde moja. Chukua waya, ukunje na kuukunjua haraka haraka, halafu ushike pale ulipokunjia. Utasikia joto. Tairi nalo ni hivyo hivyo. Joto likizidi, mpira unaachana na nyuzi, na kuanzia hapo ni suala la muda tu.

Kwa hiyo ushauri wa 26 na nyanya ndani ndio uliokuwa wa hatari zaidi kwenye ile nyumba, ingawa hoja yake kuhusu nyanya ni ya kweli. Tairi lililojaa kupita kiasi kweli linaruka kwenye barabara ya vumbi, linachapa mzigo, linaliwa katikati, na sehemu inayoshika barabara inakuwa ndogo hivyo breki zinashika vibaya, hasa kwenye mvua. Fundi naye alikuwa na hoja: mzigo unataka upepo zaidi. Kosa lake ni kuchukua namba moja kichwani na kuipa kila gari, mbele na nyuma sawa. Ni sawa na mtu anayekuambia kila dawa ni kizibo kimoja kwa pampu ya lita 16. Lebo imewekwa ya nini?

Lebo ya gari iko mlangoni

Fungua mlango wa dereva. Angalia kwenye nguzo ya mlango, upande unaobaki kwenye gari, au kwenye ukingo wa mlango wenyewe. Kuna kibao kidogo, karatasi ngumu iliyobandikwa. Gari chache, hasa za Ulaya, wanakiweka ndani ya kifuniko cha tenki la mafuta. Kama gari imetoka Japani maandishi yatakuwa ya Kijapani, usiogope. Saizi ya tairi na namba za upepo zinasomeka na mtu yeyote. Mara nyingi utakuta namba ya mbele na namba ya nyuma, na kwenye gari nyingine kuna mistari miwili: watu wachache, na gari ikiwa imejaa. Kwa mkulima huo mstari wa gari iliyojaa ndio wako siku ya soko. Kama kibao kina mstari mmoja tu, basi namba ni hiyo hiyo, na soma pia kitabu cha gari kama unacho.

Kibao cha Japani kinaandika kPa, geji ya fundi inaandika PSI. Njia rahisi ya kijiweni: gawanya kPa kwa 7. Kibao kikisema 230, gawa kwa 7, unapata kama 33. Kikisema 250, ni 36. Geji nyingine zinasoma bar, na bar 1 ni kPa 100, kwa hiyo 230 ni bar 2.3. Gari za zamani kidogo zimeandikwa 2.2 au 2.3 kwa kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba, na hicho kwa matumizi yetu kihesabu karibu sawa na bar. Namba hizi ni za mfano, naomba mnielewe. Usichukue 33 ukaenda nayo kwenye gari yako kwa sababu umeisoma kwangu. Gari yako ina kibao chake.

Kuna namba nyingine inawachanganya watu, ile iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe, kwa mfano MAX PRESS 300 kPa (44 PSI). Hiyo siyo namba ya kujaza. Ni mwisho ambao mtengenezaji wa tairi hataki uvuke. Aliyetengeneza tairi hajui litafungwa kwenye gari gani. Aliyetengeneza gari anajua uzito wake, springi zake na breki zake, na ndiye aliyeandika kibao.

Kama gari ulinunua mkononi na tairi zimeshabadilishwa saizi, kwanza linganisha. Saizi iliyo kwenye kibao na iliyo kwenye tairi zikitofautiana, namba ya upepo haihami yenyewe. Angalia pia namba ya uzito inayofuata saizi. Ile 175/65R14 mara nyingi inaandikwa 82 mwishoni, na 82 maana yake ni kilo 475 kwa tairi moja, likiwa na upepo wake kamili. Tairi yenye namba ndogo kuliko ile iliyokuja na gari usiifunge, hata kama fundi anasema inaingia. Gari za mizigo kama Probox zinafungwa tairi ngumu zaidi, zenye herufi LT au C, na zinataka upepo mwingi zaidi nyuma. Ukizifunga tairi za kawaida za saluni kwa sababu ni za bei nafuu, umeipunguzia gari uwezo wa kubeba bila kujua.

Upepo unapimwa tairi likiwa baridi

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hata baada ya kusoma kibao. Namba ya kibao ni ya tairi baridi: gari imelala usiku kucha, au imesimama saa 3 hivi, au haijatembea zaidi ya kilomita 2 au 3. Ukitembea, hewa ndani inapata moto na geji inapanda. Kwa makadirio, kila nyuzi joto 5 au 6 zinazoongezeka, PSI inapanda 1. Kwa hiyo ukitoka shambani ukafika sheli baada ya kilomita 30, geji ikasoma 37 wakati kibao kinasema 33, usitoe hata kidogo. Ukitoa, kesho asubuhi utakuwa na 29 na mzigo mgongoni. Na ukifika sheli tairi likiwa la moto halafu bado linasoma chini ya kibao, ujue hali ni mbaya kuliko geji inavyosema. Jaza, halafu pima upya asubuhi likiwa limepoa.

Wanaopeleka mzigo Dar wananiuliza: huku kwetu Iringa asubuhi ni baridi, kule ni joto, je nipunguze kabla ya kushuka? Hapana. Na hesabu yake inafurahisha kidogo. Joto la Dar linapandisha geji kama PSI 2 hivi ukilinganisha asubuhi kwa asubuhi. Lakini huku tuko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya nje ya Dar ni nzito zaidi, hivyo geji ile ile kule inashuka kwa PSI 2 na zaidi kidogo. Moja inapandisha, nyingine inashusha, unafika na namba karibu ile ile uliyoondoka nayo. Jaza sawasawa nyumbani, basi.

Geji uwe na ya kwako. Za kwenye kompresa nyingi zimegongwa, zimeanguka, kioo kina vumbi, na mbili za mtaa mmoja zinaweza kupishana PSI 4 au 5. Ya mkononi inauzwa maduka ya spea kwa bei isiyofika kreti moja ya nyanya msimu mzuri. Pima angalau mara moja kwa mwezi, maana hata tairi zima linapoteza kama PSI 1 kila mwezi, na pima asubuhi ya kila siku ya mzigo. Kama tairi moja linashuka haraka kuliko wenzake, lina pancha ndogo au valvu inavuja. Paka povu la sabuni uone. Vifuniko vya valvu virudishwe, vumbi la huku likiingia kwenye valvu inaanza kuvuja taratibu.

Kuhusu kujaza naitrojeni, ambayo siku hizi inauzwa mjini kama kitu cha ajabu: hewa ya kawaida tayari asilimia 78 ni naitrojeni. Haina madhara, lakini hiyo hela nunua geji.

Mafuta nayo yanatajwa sana. Ni kweli upepo mdogo unakula mafuta, ila watu wanakuza. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria asilimia 0.2 kwa kila PSI 1 inayopungua kwenye tairi zote nne. Ukiwa chini kwa PSI 8, ni asilimia 1.6, yaani kwenye lita 40 unapoteza kama nusu lita na kidogo. Haitakutajirisha wala kukufilisi. Hasara yako kubwa iko kwenye tairi zenyewe, zinaliwa pembeni zote mbili na kuisha mapema, na kwenye siku ile zinapopasuka.

Kreti ngapi?

Sasa turudi kwa yule dada. Nilipofika tulipima: mbele zote 40, nyuma kulia 40, nyuma kushoto 31. Lilikuwa limejazwa jana jioni tu. Tulipopaka sabuni, valvu ikatoa povu. Ina maana hata ushauri wa 40 haukuwepo tena, angeondoka na gari inayovuta upande mmoja akiwa na amani moyoni. Tukabadilisha valvu, tukasoma kibao, tukaweka namba ya gari iliyojaa, nyuma juu kidogo kuliko mbele. Kazi ya dakika 20.

Kisha akaniuliza kama sasa anaweza kupakia kreti zake 10. Swali hili ndilo ambalo naona vijana wengi wa kilimo biashara hawajiulizi. Upepo sahihi unaliwezesha tairi kubeba ule uzito ambao gari ilitengenezewa. Hauongezi uwezo wa springi, ekseli wala breki. Ukizidisha mzigo halafu ukaongeza upepo ili gari isilale nyuma, umeficha dalili tu.

Uwezo wa gari unaupata wapi? Japani, gari ya abiria inaposajiliwa, uzito wake wa jumla unahesabiwa kwa kuchukua uzito wa gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila kiti. Gari ya watu 5 ni kilo 275. Ya watu 8 ni kilo 440. Hapo hakuna kreti, ni watu peke yao. Probox ya mizigo ilisajiliwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, na ikiwa na watu watano inabaki kilo 250 za mzigo. Ndiyo maana Probox inavumilia na IST inalia. Za aina nyingine angalia kadi na kitabu chake.

Tulichukua kreti zake tukazipandisha kwenye mzani wa kununulia mahindi. Zilicheza kati ya kilo 38 na 43, tukasema 40. Kreti 10 ni kilo 400. Yeye na mume wake, kilo 140. Jumla 540, na gari ni ya 440. Amezidisha kilo 100. Kwa kreti 7 anakuwa na 280 na 140, jumla 420, yuko ndani. Halafu mume akakumbusha kwamba Jumamosi watoto wawili wanaenda nao kwa bibi yao mjini. Watoto hao ni kama kilo 25 kila mmoja. Sasa ni kilo 190 za watu, inabaki nafasi ya kreti 6.

Dada hakufurahi. "Bwana shamba, kreti 4 nikiziacha zinaiva shambani." Nilimuelewa, nyanya haingoji. Tukapiga simu kwa jirani mwenye kirikuu aliyekuwa anaenda soko lile lile na nafasi nyuma, wakaelewana bei kwa kila kreti. Kwa wiki zilizofuata akagundua kwamba ukigawa mafuta na uchakavu, kreti zilizopanda kirikuu hazikumgharimu zaidi ya zile za kwenye gari yake. Hesabu hiyo ifanye na wewe kabla hujaamua gari ya familia ndiyo usafiri wa biashara. Na soma mkataba wa bima yako, maana gari iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi ikipata ajali imejaa bidhaa za kuuza, unaweza kukuta hulipwi.

Namna ya kupanga mzigo nayo inagusa tairi. Kreti zikisukumwa zote nyuma kabisa, mlangoni, zinakaa nyuma ya tairi za nyuma na kuinyanyua pua ya gari, kama mtu aliyekalia mkia wa toroli. Tairi za nyuma zinabeba zaidi ya hesabu yako, za mbele zinapoteza mshiko, usukani unakuwa mwepesi. Anza kupanga karibu na viti vya mbele, chini kwanza, na zifungwe kamba. Mtoto asikae nyuma pamoja na kreti, hata kama ni safari ya dakika 10.

Kwa barabara mbovu ya kutoka shambani mpaka lami, ile hofu ya nyanya kupondeka itibu kwa mwendo mdogo na kwa kutojaza kreti kupita ukingo wake ili ya juu isikandamize ya chini. Najua wenye matrekta watanikumbusha kwamba trekta shambani linashushwa upepo ili lisigandamize udongo. Ni sahihi, lakini lile linatembea taratibu kwenye udongo laini na tairi zake zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Gari yako ikitoka kwenye vumbi inaingia barabara ya Tanzam na kukimbia 80, na hakuna anayesimama pale njia panda kujaza upepo.

Kabla ya kujaza, hakikisha tairi linastahili kujazwa. Tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinaweza kuwa na kashata nzuri na bado zimezeeka, mpira umekauka na una nyufa ndogo pembeni. Hilo hata ulijaze kwa kibao halitakuokoa. Kashata ikibaki milimita 1.6, badilisha, na ukiweza badilisha kabla haijafika hapo ikiwa masika yanakaribia.

Mwisho, spea. Yule dada ya kwake ilikuwa chini ya gari, imejaa tope, upepo 12. Ipime kila unapopima zingine. Kama ni ile nyembamba, inataka upepo mwingi kuliko zote, nyingi zimeandikwa 420 kPa, yaani PSI 60, na mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa. Ukiifunga njiani ukiwa na kreti ndani, shusha baadhi, mwachie mtu alinde, utazirudia.